Dawa ya mimea kwa mwenye huzuni ya muda mrefu: namna ya kuichagua na kuitumia salama mjini Bukavu

Mjini Bukavu, mtu aliyelemewa na mawazo kwa wiki kadhaa mara nyingi hutafuta nafuu kwenye mimea kabla ya kumfikia daktari. Jambo hilo lina sababu zake. Dawa ya mimea hupatikana karibu, muuzaji huzungumza Kiswahili au Mashi, hakuna foleni, na hakuna jirani atakayemwona mtu akiingia mahali wanapotibiwa wagonjwa wa akili. Tena wakazi wengi wa mji huu wana sababu za kweli za kuhuzunika: vita, misiba, kazi zilizopotea, ndugu waliotawanyika. Kwa hiyo mwongozo huu haumlaumu anayetafuta dawa ya mimea, bali unamwonyesha utaratibu wa kuitafuta bila kujidhuru.

Utaratibu huo ndio jambo kubwa kuliko yote. Wengi huanza kwa kuuliza ni mmea gani wenye nguvu, na swali hilo lilipaswa kuja la tatu. La kwanza ni kujua huzuni hiyo ina uzito gani na imetoka wapi. La pili ni kujua dawa nyingine ambazo tayari zimo mwilini. Anayeyaruka maswali hayo mawili anaweza kununua bidhaa safi, iliyotengenezwa vizuri kabisa, kisha ikadhoofisha tiba yake ya virusi vya SIDA, ikamfanya apate mimba asiyoitarajia, au ikamzuia kupona malaria, na yeye asijue chanzo kilikuwa nini.

Hatua ya kwanza: pima uzito wa huzuni

Kuomboleza baada ya kufiwa, au kukosa raha kwa siku chache baada ya habari mbaya, si ugonjwa. Wahudumu wa afya huanza kufikiria sonona pale ambapo mtu, kwa muda wa wiki mbili au zaidi na karibu kila siku, ana huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi wake umevurugika, chakula hakimpendezi au anakula kupita kiasi, amechoka bila kufanya kazi, hawezi kukaza fikira, anajiona hana thamani, au anawaza kifo.

Kuna dodoso fupi linaloitwa PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo muuguzi au mshauri wa kisaikolojia anaweza kumsomea mtu kwa dakika chache. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Alama 5 hadi 9 huonyesha hali nyepesi, 10 hadi 14 hali ya wastani, 15 hadi 19 hali inayokaribia kuwa kali, na 20 kwenda juu hali kali. Alama hizo pekee hazitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, lakini zinasaidia kuamua njia ya kufuata, na zitafaa tena baadaye wakati wa kupima kama dawa imefanya kazi. Kwa hiyo ziandike pamoja na tarehe.

Dawa ya mimea ina nafasi katika hali nyepesi na, kwa uangalizi wa mhudumu wa afya, katika hali ya wastani. Mwenye alama 15 au zaidi anahitaji tiba ya hospitali, na kumpa vidonge vya mimea ni kumcheleweshea tiba hiyo. Vivyo hivyo kwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kwa mama aliyejifungua karibuni, na kwa mtu ambaye zamani amewahi kupitia vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akikesha bila kuchoka, akitumia fedha ovyo na kusema bila kupumua. Huyo wa mwisho yuko katika hatari ya pekee, kwa kuwa dawa yoyote ya kuinua moyo, ya mimea au ya kiwandani, inaweza kumrusha kutoka kwenye huzuni hadi kwenye wazimu wa msisimko.

Swali la 9 la dodoso hilo huuliza kuhusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Yeyote anayejibu kwamba mawazo hayo yamemjia, hata kwa siku chache tu, aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Ndugu zake wasimwache peke yake, waondoe nyumbani dawa za kuua wadudu na akiba ya vidonge, na wampeleke kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Bukavu ina kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo kwa ajili ya magonjwa ya akili, na hospitali kubwa za mji, ikiwemo Panzi, zimezoea kuwapokea watu walioumia rohoni. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humfungulia njia ya kusema.

Kabla ya kuondoka katika hatua hii, ni lazima kuuchunguza mwili wenyewe, kwa sababu magonjwa kadhaa huvaa sura ya huzuni. Upungufu wa damu huleta uchovu na kukosa hamu. Tezi ya shingo inapozalisha homoni kidogo, mtu hupoa, hunenepa, husahau na huhuzunika. Katika eneo letu jambo hili si la mbali, kwani kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa watu wenye uvimbe wa tezi hiyo uliotokana na upungufu wa madini ya iodini. Pombe nayo, iwe kasiksi, kanyanga au bia, hupoza mawazo kwa saa chache na kuyazidisha kesho yake, na anayekunywa kila siku hawezi kujua kama mmea wowote unamsaidia mpaka aipunguze. Zipo pia dawa za hospitali zinazoweza kuleta huzuni, kama efavirenz, iliyotumika sana dhidi ya virusi vya SIDA kabla ya dolutegravir, na mefloquine, inayotumika kukinga malaria. Aliyeanza kuhuzunika baada ya kuanza dawa mpya arudi kwa aliyemwandikia, bila kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hatua ya pili: andika kila kitu unachokimeza

Chukua karatasi, weka mezani kila kidonge, kila chupa na kila unga uliomo nyumbani, kisha andika majina yote, pamoja na kiasi na saa za kumeza. Usisahau sindano na kijiti cha uzazi wa mpango, dawa ya maumivu unayonunua kwa kidonge kimoja kimoja, dawa ya tumbo, na majani unayochemsha asubuhi. Usisahau pia dawa ambazo mtu huficha. Wengi hawataji dawa za virusi vya SIDA mbele ya muuzaji au hata mbele ya mke au mume, na ndizo hasa zinazopaswa kuandikwa kwanza. Karatasi hiyo inaweza kubaki siri kati yako na muuguzi.

Orodha hii inahitajika hasa kwa sababu ya mmea mmoja, ule wenye ushahidi mkubwa kuliko mingine yote katika kutibu huzuni, ambao kwenye maboksi yanayofika kwetu huandikwa kwa Kifaransa millepertuis na kwa Kilatini Hypericum perforatum. Ndani yake kuna kemikali iitwayo hyperforin, ambayo huliamuru ini na utumbo kuzalisha kwa wingi vimeng'enya na pampu za kuondoa sumu mwilini. Vimeng'enya hivyo havichagui. Huvunja pia dawa nyingine, zikatolewa nje kabla ya kumaliza kazi yake, kwa hiyo mtu humeza kipimo kilekile kila siku huku kiasi kinachofika kwenye damu kikipungua. Mgonjwa haoni dalili yoyote ya jambo hilo mpaka ugonjwa uliokuwa umetulia unaporudi.

Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba millepertuis ilipunguza kwa zaidi ya nusu kiasi cha indinavir, dawa ya virusi vya SIDA, katika damu ya watu wenye afya waliojitolea. Mwaka huohuo zilitolewa taarifa za wagonjwa waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa moyo mpya kwa sababu mmea huu ulikuwa umepunguza cyclosporine, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Dawa za virusi zimebadilika tangu wakati huo, lakini hatari haijaondoka: dolutegravir, ambayo leo ndiyo mhimili wa tiba, nayo hupunguzwa. Anayetumia dawa za virusi vya SIDA asitumie millepertuis, na hakuna kipimo kidogo kinachoweza kuitwa salama kwake.

Malaria inahitaji maelezo yake, kwa sababu hapa kwetu karibu kila mtu atahitaji dawa yake siku moja. Mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, ambao wengi huujua kwa jina la Coartem, hautakiwi kutumiwa pamoja na millepertuis, kwa kuwa dawa inaweza kushuka chini ya kiwango kinachoua vimelea. Ukipata homa ukiwa kwenye mmea huu, usichelewe kupima wala kutibiwa hata siku moja, maana malaria huua haraka kuliko huzuni nyepesi. Mwambie muuguzi kabla hajaandika dawa kwamba unatumia millepertuis, naye ataamua kama atatumia dawa nyingine na namna ya kukufuatilia.

Wanawake wanaopanga uzazi wasikie hili vizuri. Vidonge vya uzazi wa mpango hupunguzwa nguvu, na vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, Jadelle na Implanon, hupunguzwa pia. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2014 baada ya kupokea taarifa za mimba kwa wanawake waliokuwa na kijiti huku wakitumia millepertuis. Kitanzi cha shaba hakiathiriki, na sindano ya miezi mitatu haihesabiwi kuwa inapungua nguvu. Katika nyumba ambayo mimba nyingine ingeongeza mzigo uleule uliosababisha huzuni, suala hili lina uzito sawa na suala la dawa yenyewe.

Dawa nyingine zinazopunguzwa ni pamoja na warfarin ya kuzuia damu kuganda, digoxin ya moyo, nifedipine na amlodipine za presha, omeprazole ya tumbo, bedaquiline ya kifua kikuu sugu, na baadhi ya dawa za kifafa na za saratani. Kwa mwenye kifafa au saratani, jibu la kawaida ni kuuacha mmea huu kabisa.

Kundi la mwisho linafanya kazi kwa njia tofauti. Millepertuis huongeza serotonini, kemikali inayogusa hali ya moyo, kwenye ubongo, na dawa nyingi za kutibu sonona hufanya vivyo hivyo: fluoxetine, sertraline na amitriptyline ambayo huandikwa mara kwa mara hapa kwetu hata kwa maumivu ya neva. Tramadol, inayouzwa mitaani hata bila karatasi ya daktari, nayo imo. Zikikutana, serotonini inaweza kuzidi, na mtu akaanza kutokwa jasho, kutetemeka, kuharisha, kuhangaika, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa na joto kupanda. Hiyo ni dharura ya hospitali. Ndiyo maana haifai kabisa mtu anayetumia dawa ya daktari ajiongezee millepertuis ili apone haraka, wala asiache dawa ya daktari leo na kuanza mmea kesho. Fluoxetine hukaa mwilini kwa wiki nyingi baada ya kidonge cha mwisho.

Ikiwa orodha yako ina jina lolote kati ya yaliyotajwa, au jina usilolijua, ipeleke kwa daktari au kwa mfamasia mwenye diploma, si kwa kijana aliyeachiwa duka kwa siku hiyo. Muulize swali moja lililo wazi: je, kimojawapo kati ya hivi hakiwezi kukutana na millepertuis?

Hatua ya tatu: chagua mmea

Anayebaki na orodha tupu, au iliyopitiwa na mtaalamu, sasa anaweza kuuliza swali lake la mwanzo.

Ushahidi wa millepertuis ni wa kweli, ingawa una mipaka. Mapitio makubwa ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa zaidi ya 5,000, na kukuta kwamba dondoo za mmea huu, yaani nguvu yake iliyotolewa na kukusanywa, zilizidi vidonge visivyo na dawa na zilikaribia kulingana na dawa za kawaida za sonona, huku zikiwa na madhara madogo machache zaidi. Hata hivyo, matokeo mazuri zaidi yalitoka katika nchi zinazosema Kijerumani, ambako madaktari wamezoea kuuandika mmea huu, na utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 juu ya wagonjwa wenye sonona iliyokaribia kuwa kali haukuona faida. Mtu mwenye huzuni nyepesi ana sababu ya kuujaribu. Mwenye huzuni kali hana.

Msomaji anayeijua milima yetu anaweza kufikiri kwamba mmea huu anao bure. Ni kweli kwamba ndugu zake huota juu ya Kahuzi na kwenye miteremko ya volkeno za Virunga, ambako Hypericum revolutum hukua hadi kuwa mti wenye maua makubwa ya njano. Lakini hao ni ndugu tu. Tafiti zote nilizozitaja zilifanywa kwa Hypericum perforatum, mmea mdogo wa Ulaya na Asia, tena kwa dondoo iliyopimwa, na hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa wanadamu kwa majani au maua ya mti wa mlimani. Usiuchemshe, na usimkubali anayekuuzia unga wake kwa jina la millepertuis.

Mmea mwingine wa kwetu unahitaji onyo kali zaidi. Mizizi na magome ya Rauvolfia vomitoria hutumiwa na baadhi ya waganga wa kienyeji kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa, na kweli hutuliza, kwa sababu ina reserpine, ambayo hospitali ziliitumia kwa miaka mingi kushusha presha. Reserpine hiyohiyo hupunguza kemikali za ubongo zinazobeba furaha na hamu, na inaweza kumletea huzuni mtu ambaye hakuwa nayo, au kuizidisha kwa aliye nayo. Pamoja na dawa za presha inaweza kumwangusha mtu chini. Anayepewa dawa ya mizizi kwa ajili ya mawazo mengi ana haki ya kuuliza jina la mti, na mganga anayeheshimu kazi yake hatakasirika kuulizwa.

Mimea mingine nitaipita haraka. Zafarani imeonyesha matumaini katika tafiti ndogo, nyingi zikitoka Iran, kwa kiasi cha miligramu 30 za dondoo kwa siku, lakini ni ghali na huchanganywa kwa urahisi na vitu vingine. Valeriane hutafutwa kwa ajili ya usingizi, na ushahidi wake ni dhaifu. Kava na ashwagandha zimehusishwa na kuumia kwa ini, na mwenye homa ya ini au anayekunywa pombe nyingi azikwepe. Vidonge vya 5-HTP, vinavyotokana na mbegu za Griffonia ya Afrika, vina hatari ileile ya serotonini. Moringa, kongobololo na artemisia huuzwa kama tiba ya kila jambo, lakini hakuna utafiti wa kutegemewa unaoonyesha kwamba vinaondoa sonona. Moringa ni mboga nzuri, na iliwe kama mboga.

Hatua ya nne: soma boksi kabla ya kulipa

Chupa ambayo lebo yake imetolewa kwenye mashine ya fotokopi, inayodai kutibu sukari, presha, ugumba, mapepo na huzuni kwa pamoja, bila kutaja kilichomo, irudishe mezani. Bidhaa za namna hiyo katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa zikiwa na dawa za kiwandani zilizosagwa ndani yake kwa siri, na hapo orodha yako yote ya hatua ya pili inakuwa haina maana.

Boksi linalostahili kuaminiwa huwa na mambo haya, na ni vizuri kuyatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Jina la Kilatini liwe kamili, Hypericum perforatum, kwa maana neno Hypericum peke yake linahusu mamia ya mimea. Sehemu ya mmea itajwe, nayo kwa Kifaransa huandikwa sommités fleuries, yaani vilele vyenye maua. Kisha angalia kama ni extrait sec, dondoo kavu, au ni poudre, unga uliosagwa tu. Miligramu 300 za dondoo na miligramu 300 za unga hazilingani hata kidogo, kwa kuwa dondoo imekusanya nguvu ya majani mengi zaidi. Dondoo zilizotumika katika tafiti nyingi zilikuwa na hypéricine, kemikali nyingine ya mmea huu, ya asilimia 0.3, na watengenezaji makini huandika kiasi hicho. Mwisho tafuta namba ya loti, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina na anwani ya mtengenezaji.

Ipo tofauti nyingine inayofichwa na maneno. Bidhaa ya Ulaya iliyoandikwa médicament imepitishwa na mamlaka ya dawa, na kila boksi lake lina karatasi ya maelezo inayotaja dawa zisizopaswa kukutana nayo. Iliyoandikwa complément alimentaire huuzwa kama chakula cha nyongeza, bila uchunguzi wa namna hiyo, na kiasi kilichomo kinaweza kutofautiana na kilichoandikwa. Ukiweza kuchagua, chagua ya kwanza. Kwa dawa zinazouzwa nchini, mamlaka inayohusika ni ACOREP, na mfamasia anaweza kukuambia kama bidhaa imesajiliwa. Chupa zinazoletwa mkononi na wasafiri, au zinazovuka Ruzizi kutoka Kamembe kwenye mfuko wa mfanyabiashara, zisomwe kwa makini yaleyale.

Piga pia hesabu ya fedha kabla ya kuanza. Vidonge 3 kwa siku kwa wiki 6 ni vidonge 126, hivyo boksi la vidonge 60 halifiki hata nusu ya safari. Kununua boksi moja na kuishia njiani ni kupoteza fedha bila kupata jibu. Ikiwa fedha hizo zitatoka kwenye chakula cha watoto, ni bora kuzungumza kwanza na kituo cha afya, ambako fluoxetine au amitriptyline isiyo na jina la kampuni inaweza kuwa nafuu zaidi.

Hatua ya tano: anza, na ujifuatilie

Kipimo kilichotumika sana katika tafiti kwa mtu mzima ni miligramu 300 za dondoo mara tatu kwa siku. Baadhi ya bidhaa huweka kipimo cha siku nzima katika kidonge kimoja, kwa hiyo fuata karatasi iliyomo ndani ya boksi lako, na usiizidishe. Meza pamoja na chakula ikiwa tumbo linasumbua. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasitumie bila daktari.

Mbali na tumbo, madhara ya kawaida ni kinywa kukauka, kizunguzungu, uchovu au kutotulia. Ngozi nayo inaweza kuchomwa na jua upesi kuliko kawaida, na sisi tunaishi karibu na ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, ambako jua la saa sita huwa kali hata upepo wa ziwa unapopoza uso. Anayeuza nje au anayelima avae kofia na mikono mirefu. Mwenye ualbino asiitumie kabisa. Wakati wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hifadhi vidonge mahali pakavu, ndani ya boksi lake, mbali na watoto.

Usitegemee nafuu katika siku tatu. Dawa hii, sawa na za hospitali, huhitaji wiki 4 hadi 6. Kila Jumapili jioni andika mambo machache: umelala saa ngapi, umekula vipi, umetoka nyumbani au hukutoka, na kama kuna kitu kilichokufurahisha. Mwombe mtu mmoja unayemwamini, dada, kaka, au mama mkwe ukielewana naye, akuangalie pia, kwa sababu jirani wa karibu mara nyingi huona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe. Huyo awe na ruhusa ya kukupeleka hospitali ukianza kuzungumzia kifo, ukikesha bila kuchoka na kuanza mipango mikubwa isiyo ya kawaida, au ukionyesha dalili za serotonini zilizotajwa juu.

Katika wiki hizo, usikiachie kidonge kazi yote. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hapa mashariki mwa Kongo, pamoja na wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Wale waliopata tiba ya mazungumzo katika vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa Kikongo waliofundishwa kazi hiyo, walipata nafuu kubwa ya huzuni, hofu na kumbukumbu za maumivu kuliko wale waliopata msaada wa mtu mmojammoja. Hakuna mmea wowote wenye ushahidi wa namna hiyo kutoka kwetu. Ikiwa katika kata yako kuna kikundi cha namna hiyo, kwenye kituo cha afya au parokiani, jiunge nacho hata kama umeamua kutumia dawa, na kama kuna nafasi moja tu ya fedha na nguvu, mimi ningechagua kikundi kwanza.

Hatua ya sita: kuamua, na kuacha

Wiki ya 6 ikiisha, jibu tena maswali ya PHQ-9, ukilinganisha na alama ulizoandika mwanzoni. Zikiwa zimeshuka hadi nusu au zaidi, unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa kwa makubaliano na mhudumu wa afya. Zikiwa palepale, dawa hii haikufai, na kubadilisha chapa au kuongeza vidonge hakutasaidia. Nenda kwa daktari. Zikiwa zimepanda, nenda kabla hata ya wiki ya 6.

Unapoacha, punguza taratibu kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa kukatiza ghafla kunaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi wa shida. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji aache angalau wiki 2 kabla, na amwambie daktari wa usingizi.

Baada ya kidonge cha mwisho, ini huchukua karibu wiki 2 kurudi kwenye hali yake. Katika muda huo bado dawa nyingine hupunguzwa, na kisha huanza kupanda. Ikiwa daktari alikubali utumie mmea huu huku ukiwa na dawa nyingine, na akapandisha kipimo cha dawa hiyo, mrudie siku unayoacha, kwa sababu kipimo kilichotosha jana kinaweza kuzidi baada ya wiki chache. Kwa warfarin, ziada hiyo ni damu isiyokoma. Na kwa wiki hizo 2, endelea kutaja jina la millepertuis kwa kila anayekuandikia dawa, kuanzia muuguzi wa malaria hadi mkunga wa uzazi wa mpango, ingawa boksi limekwisha kutupwa.